ONYO LISILOELEWEKA SI ONYO
Maafa, lugha zetu na wajibu wa mfanyakazi: funzo kutoka Dzaleka na Lilongwe



Wazee wetu walisema tahadhari kabla ya hatari. Msemo huo tunaujua sote, na kila mwaka mvua zinapokaribia husikika redioni na mikutanoni. Lakini ni mara chache tunajiuliza swali moja dogo: je, tahadhari hiyo imetolewa kwa lugha gani, na ni nani aliyeielewa?

Tuchukue mfano. Mama mmoja ametoka Fizi, Kivu ya Kusini, naye yuko Malawi huu mwaka wa kwanza. Anasema Kibembe na Kiswahili cha kwao. Usiku wa mvua gari linapita na kipaza sauti, likitangaza kwa Kichewa kwamba madzi akusefukira, watu thawani. Neno la kwanza analidhania, kwa kuwa madzi na maji ni ndugu. Yaliyobaki hayajui. Kukimbia ni thawani, na neno hilo hajapata kulisikia. Anafunga mlango, anawafunika watoto, anangoja kuche. Mama huyu si mjinga wala si mkaidi. Onyo limepita mlangoni pake kama lori linavyompita mtu barabarani bila kusimama.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa viwandani na mashambani, na nini kinaweza kufanywa. Tumechagua Malawi kwa sababu pale mambo mawili yanakutana: maafa ni mengi, na watu wa lugha nyingi wanaishi mahali pamoja.

DZALEKA NI MAHALI GANI

Dzaleka ipo katika Wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani, wakati wa utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, palikuwa jela ya wafungwa wa siasa. Jina lenyewe hufahamika kama maneno ya mfungwa anayeapa kwa Kichewa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi waliokuwa wakikimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu.

Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Miaka ya karibuni idadi yao imepita 50,000. Walio wengi ni Wakongo; wanafuata Warundi na Wanyarwanda, na wapo pia Waethiopia, Wasomali na wengineo. Kwa hiyo ukipita katika soko la Dzaleka utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kifaransa, Lingala, Kisomali, na Kichewa cha wenyeji wanaokuja kuuza mahindi na mboga. Kiswahili ndicho hubeba mazungumzo mengi kati ya kabila na kabila. Lakini si kila mtu anakijua, na wanaokijua hawakisemi kwa namna moja.

Yafaa kukumbuka kwamba Malawi si ngeni katika kupokea wakimbizi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokea watu zaidi ya milioni moja kutoka Msumbiji. Ila wengi wa wale Wamsumbiji walisema Kichewa, Kisena au Kilomwe, lugha zilezile za upande wa pili wa mpaka. Waliposikia mwenyeji akipiga kelele, walijua anasema nini. Mkimbizi wa Dzaleka leo hana bahati hiyo.

MAAFA YALIYOIPATA MALAWI

Nchi hii iko ndani ya Bonde la Ufa, ina ziwa kubwa, mito inayoshuka kwa kasi, na milima yenye miteremko mikali. Tutataja machache tu.

Tarehe 10 Machi 1989 tetemeko la ardhi lilipiga Salima, upande wa mashariki wa Lilongwe. Watu 9 walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Tarehe 10 Machi 1991 mvua iliporomosha mawe na tope kutoka Mlima Mulanje juu ya Phalombe, na mamia ya watu wakapotea. Wenyeji wa kusini huliita tukio la namna hiyo Napolo, jina la nyoka ambaye mapokeo husema anakaa chini ya mlima, na akihama mlima hubomoka. Mtu aliyezaliwa Zomba akisikia Napolo anajua mara moja kwamba ni wakati wa kuondoka mtelemkoni. Mtu aliyezaliwa Bujumbura akisikia neno hilo hana la kufanya nalo.

Machi 2019 kilikuja kimbunga Idai. Januari 2022 ikaja dhoruba Ana, na Machi mwaka huohuo ikaja Gombe. Kisha Machi 2023 kikaja kimbunga Freddy, kilichozaliwa upande wa Australia mwanzoni mwa Februari, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikapiga Msumbiji mara ya pili na kuingia kusini mwa Malawi. Huko Blantyre, katika mitaa iliyojengwa kwenye miteremko kama Chilobwe, tope lilishuka juu ya watu usiku wakiwa wamelala. Wilaya za chai, Thyolo na Mulanje, nazo ziliumia. Hesabu ya Serikali ilionyesha kwamba watu 679 walikufa, 537 hawakuonekana tena, na zaidi ya 650,000 waliyahama makazi yao.

Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo kabla ya kimbunga kufika. Hilo tulitaje kwa haki. Lakini kutoa onyo ni kazi moja, na kuhakikisha kwamba limefika na kufahamika ni kazi nyingine.

Wakati huohuo nchi ilikuwa na msiba mwingine. Kipindupindu kilichoanza Wilaya ya Machinga Machi 2022 kilienea nchi nzima, na Lilongwe na Blantyre zikawa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana. Mpaka kilipodhibitiwa mwaka 2023, watu zaidi ya 58,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 1,700 wamekufa. Halafu ukaja ukame. Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28.

Dzaleka yenyewe haiko chini ya Mlima Mulanje. Hatari zake ni nyingine: nyumba za matofali ya udongo zilizobanana, ambazo mvua ndefu huzilainisha mpaka zikaanguka, upepo unaong'oa paa, moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba, na maji machache kwa watu wengi, jambo linalofungua mlango wa maradhi ya tumbo. Mjini Lilongwe, mito kama Lingadzi na Lilongwe hufurika, na wanaoumia kwanza ni wale waliopanga vyumba vya bei ndogo mabondeni. Wapangaji hao ndio vibarua, wachuuzi na watu wa viwandani. Ndugu msomaji, hao ni sisi.

LUGHA INAPOKUWA SEHEMU YA MAAFA

Pengine mtu atasema: maafa ni maji na moto, lugha inaingiaje? Tutazame mifano miwili kutoka jirani.

Wa kwanza ni Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako wengi husema Kimakhuwa, na Kireno ni lugha ya ofisi. Kwa Kireno kipindupindu ni cólera, na dawa ya kutakasa maji ni cloro. Maneno hayo yanakaribiana masikioni. Watumishi wa afya walipokuja kutia cloro visimani, wako wananchi walioamini kwamba wanatiwa cólera. Vurugu zilitokea zaidi ya mara moja, na mwaka 2009 baadhi ya watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa. Msomi wa Msumbiji Carlos Serra, aliyeichunguza habari hiyo, alionyesha kwamba neno pekee halikuwa chanzo. Chini yake kulikuwa na chuki ya miaka mingi: watu maskini waliona wakubwa hawaji kwao ila kuwatoza au kuwaamuru. Neno lililofanana lilikuwa kiberiti, lakini kuni zilikuwa zimekwisha kauka.

Mfano wa pili ni Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mabango mengi ya mwanzo yalikuwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu kama kinavyoandikwa Dar es Salaam. Shirika la wafasiri liitwalo Translators without Borders lilipouliza watu wa huko, likakuta kwamba wengi hawakufahamu Kifaransa hicho, na kwamba walitaka Kiswahili chao wenyewe na lugha zao za nyumbani. Sisi tunaoandika kurasa za Kiswahili tunapaswa kuona haya kidogo hapo. Tulidhani tukisema Kiswahili basi tumemfikia kila mtu. Ukimwambia Mkongo kipindupindu, aweza kukutazama tu. Mwambie kolera, ataitika.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, maneno ya hatari yachaguliwe pamoja na wale watakaoyatumia. La pili, tafsiri nzuri haiwezi kufanya kazi pasipo na imani. Mjumbe asiyejulikana, hata aseme kwa ufasaha gani, hutiliwa shaka.

MANENO YA KUJIFUNZA KWANZA

Lugha zetu nyingi ni za Kibantu, na hilo ni msaada mkubwa. Tazameni:

Maji: kwa Kichewa madzi, kwa Kinyarwanda na Kirundi amazi.
Mvua: kwa Kichewa mvula, kwa Kinyarwanda na Kirundi imvura.
Moto: kwa Kichewa moto, lakini kwa Kinyarwanda na Kirundi umuriro.
Upepo: kwa Kichewa mphepo, lakini kwa Kinyarwanda na Kirundi umuyaga.
Mto: kwa Kichewa mtsinje, kwa Kinyarwanda na Kirundi umugezi.
Kimbieni: kwa Kichewa thawani, kwa Kinyarwanda na Kirundi muhunge.
Tetemeko la ardhi: kwa Kichewa chivomezi, kwa Kinyarwanda umutingito, kwa Kirundi nyamugigima.
Kimbunga: kwa Kichewa namondwe.

Mnaona kwamba majina ya vitu mara nyingi yanafanana, lakini amri ya kukimbia haifanani hata kidogo, na amri ndiyo inayookoa. Tena mnaona kwamba Kinyarwanda na Kirundi, ambazo watu husema ni lugha moja, zinaachana hapo kwenye tetemeko.

Maneno kumi ya namna hii mtu hujifunza kwa siku moja. Yaandikwe ubaoni penye bomba la maji, mlangoni mwa zahanati, na mahali pa kulipia mishahara. Kwa asiyejua kusoma, yasemwe mkutanoni mpaka yamkae kichwani.

Liko neno moja tunataka kulitolea onyo la pekee. Katika Kichewa mankhwala ni dawa ya kumeza, na pia ni dawa ya kuulia wadudu. Kiswahili kina tatizo hilohilo: dawa ya mgonjwa ni dawa, na sumu ya kunyunyizia chai au tumbaku nayo ni dawa. Mafuriko yanapoingia stoo ya shamba na kubeba madebe, mtu akiokota debe lililoandikwa dawa, ataliogopa au atalitunza? Tuseme sumu pale ambapo ni sumu.

ONYO ZURI LINA SEHEMU NNE

Mara nyingi tunasikia tangazo la namna hii: Wananchi wote waishio maeneo hatarishi wanahimizwa kuchukua tahadhari zinazostahili. Maneno haya hayana kosa la sarufi, lakini hayamwambii mtu chochote. Eneo lipi? Tahadhari gani? Lini?

Onyo zuri hujibu maswali manne: kuna nini, wapi, lini, na nifanye nini. Tuseme hivi: Mvua kubwa itanyesha leo usiku. Mto Lingadzi unaweza kufurika. Kama nyumba yako iko karibu na mto, ondoka kabla ya giza. Nenda kwenye shule iliyo juu. Chukua watoto, wazee, dawa unazotumia na karatasi zako.

Sentensi fupi kama hizo hutafsirika kwa lugha yoyote, hata na mtu ambaye si mfasiri wa kazi. Sentensi ndefu ya ofisini humshinda hata mwalimu.

Baada ya kusema, tusiulize: Umeelewa? Kwa adabu zetu, mgeni akiulizwa hivyo na mtu mzima hujibu ndiyo, hata kama hakushika lolote. Tumuulize: Mama, mvua ikianza usiku utafanya nini, na utapita njia ipi? Jibu lake litatuonyesha kama kazi imefanyika. Akikosea, kosa si lake. Turudie kwa maneno mengine.

NANI APELEKE HABARI

Redio ni chombo kikubwa. Huko Dzaleka pamekuwa na redio ya jamii iitwayo Yetu, ambayo imetangaza kwa Kiswahili, Kichewa, Kinyarwanda na lugha nyinginezo za kambini. Faida yake si lugha tu. Anayesema ni jirani, na msikilizaji anajua nyumbani kwake.

Hata hivyo redio haitoshi. Betri huisha, umeme hukatika, na mvua ikipiga bati husikii kitu. Kwa hiyo pawe na watu. Tunapendekeza mpango huu, ambao umezoeleka kwetu: kila nyumba kumi ziwe na watu wawili wa kupeleka habari, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye kujua lugha mbili au zaidi. Kila mmoja ajue nyumba zake: nani kipofu, nani kiziwi, nani hawezi kutembea, nani amejifungua jana, nani hasemi Kiswahili wala Kichewa. Onyo likija, wanagonga mlango kwa mlango. Hawarudi mpaka wameona uso wa mtu na kusikia jibu.

Tunataja mwanamke makusudi. Katika jamii zetu nyingi mwanamume ndiye aliyesoma na kuzunguka, naye hujua lugha za nje. Mwanamke aliyebaki nyumbani mara nyingi hujua lugha ya nyumbani tu. Ukimwambia mwanamume peke yake, naye yuko kibaruani wakati maji yanapokuja, aliye nyumbani na watoto hana habari.

Tena tusiwatwishe watoto kazi ya ukalimani. Ni kweli mtoto hujifunza Kichewa shuleni upesi kuliko baba yake. Lakini kumfanya mtoto wa miaka tisa amweleze mama yake kwamba nyumba itazama ni mzigo usiomfaa, na mara nyingi hupunguza maneno kwa woga.

Viongozi wa makanisa na misikiti washirikishwe, kadhalika wenye maduka, wapiga cherehani, mafundi baiskeli na wanaochota maji. Hao huonana na watu wengi kwa siku kuliko ofisa yeyote.

MAARIFA YA MGENI

Kuna kosa lingine la kudhani mgeni ni mtu wa kufundishwa tu. Watu wa Uvira waliona mto Mulongwe ukifurika Aprili 2020. Watu wa Goma walikimbia moto wa mlima Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021. Watu wa Kalehe walizika mamia ya ndugu zao baada ya mafuriko ya Mei 2023. Wengi wamewahi kufunga mzigo kwa dakika kumi na kutembea usiku na watoto bila kumpoteza hata mmoja. Ni nani zaidi yao awezaye kutufundisha nini cha kuchukua na nini cha kuacha?

Waulizwe. Wakae katika kamati za ulinzi wa raia dhidi ya maafa zilizopo vijijini Malawi, pamoja na wenyeji wa Dowa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

KIPINDUPINDU: JAMBO LA KUJUA KILA MTU

Kwa kuwa maradhi haya yaweza kurudi kila masika, tueleze kwa ufupi. Kipindupindu, au kolera, huingia kwa mdomo kupitia maji na chakula chenye uchafu wa choo. Mgonjwa huharisha maji meupe kama ya mchele, na anaweza kufa kwa saa chache kwa kukauka. Kinachomwokoa ni kurudishiwa maji upesi. Kama pakiti za chumvi ya maji mwilini hazipo, chukueni lita moja ya maji safi, tieni vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mpeni kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati. Msingoje. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo, na mikono ioshwe kwa sabuni au jivu.

Na tukumbuke Nampula. Atakayetia klorini kisimani aonekane mchana, aeleze anachokitia, na anywe yale maji mbele ya watu.

HAKI YETU KAZINI

Sasa tuje kwenye lango la kiwanda na mpaka wa shamba. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema katika Kifungu cha 7 kwamba mwajiri lazima atoe mafunzo na maagizo yanayofahamika, akizingatia kiwango cha elimu cha wafanyakazi na tofauti za lugha zao. Malawi iliuridhia mkataba huo mwaka 2019. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai aelezwe hatari kwa lugha anayoijua haombi fadhila. Anadai haki yake.

Kila tawi linaweza kuanza na mambo haya, bila kungoja fedha za mtu:

1. Tuhesabu lugha. Mjumbe wa tawi aandike ni lugha zipi zinasemwa katika kila zamu na kila kambi ya wafanyakazi, na nani anaweza kukalimani.

2. Tutenganishe sauti. Mahali pengi king'ora cha kubadilisha zamu ndicho kinacholia penye moto. Basi mtu akikisikia huvaa kanzu yake na kwenda nyumbani taratibu. Mlio wa hatari uwe wake peke yake, na kila mgeni asikilizishwe siku ya kwanza ya kazi.

3. Tujue njia. Mlango wa kutokea usifungwe kwa kufuli wakati watu wamo ndani. Mahali pa kukutania pawekewe alama ya picha, si maandishi tu.

4. Tukague juu yetu. Wenye kambi chini ya bwawa, korongo au mteremko wadai bwawa likaguliwe. Mei 2018 huko Solai, Nakuru, bwawa la shamba lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Hakuna lugha itakayosaidia kama hakuna anayetazama ukuta wa bwawa.

5. Tufanye zoezi mara mbili kwa mwaka, mara moja liwe usiku, maana maafa hayana saa ya kazi.

6. Tuandike majina ya wote.

Hili la sita ndilo zito. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka mipaka yake juu ya ajira ya wakimbizi na uhuru wao wa kutembea. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwaondoa wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuma Lilongwe na miji mingine, na kuwarudisha Dzaleka. Basi wako watu wanaofanya kazi kwa kujificha, kwa jina la mtu mwingine, au kwa malipo ya siku bila kuandikwa popote. Mtu wa namna hiyo akisikia onyo kutoka kwa polisi, hujiuliza kwanza kama ni onyo la mafuriko au ni mtego. Na jengo likiporomoka, orodha ya majina husomwa, wote walioandikwa huitika, msimamizi husema watu wametimia, na uokoaji husimama. Aliyeko chini ya kifusi hakuwamo katika daftari.

Wenzetu wengine husema wakimbizi hushusha mishahara. Tunasema waziwazi: anayeshusha mshahara ni yule anayemlipa nusu mtu asiyeweza kushtaki. Kumficha mtu huyo kwenye daftari kunamfaa mwajiri huyo, na hakumfai mfanyakazi yeyote, awe mwenyeji au mgeni. Maji hayaulizi kitambulisho. Tawi liwe na orodha yake ya usalama, ya majina ya kuitana tu, itunzwe na mjumbe anayeaminika, wala isitumike kwa jambo lingine lolote wala kukabidhiwa mtu mwingine.

KWA KUMALIZIA

Serikali ina wajibu wake. Malawi ilikuwa na sheria ya maafa tangu mwaka 1991, na mwaka 2023 ikatungwa mpya. Mashirika nayo yana wajibu wao. Lakini saa ile ya kwanza, usiku, mvua ikipiga, hakuna ofisi iliyo wazi. Aliyepo ni jirani yako wa laini ya pili na yule mnayesimama naye kwenye mashine moja. Kama hajui neno lako, na wewe hujui lake, mtapotezana gizani.

Basi wiki hii, kabla ya mkutano wa tawi, kila msomaji amwendee mwenzake mmoja ambaye lugha yake haijui, amuulize: Ndugu, kwenu kimbia husemwaje? Aliandike neno hilo, alijaribu kwa mdomo mpaka mwenzake acheke na kusema sasa umepata. Kisha amfundishe la kwake.

Umoja wetu uanzie hapo.